Sekunde Nne za Kuinamia Simu

Mwongozaji Numajiri Kanji alitiwa kwenye kopo mara tatu katika maisha yake, na mara zote tatu mlinzi wake nilikuwa mimi. Kutia kwenye kopo ni lugha yetu ya kazini. Mwandishi au mchoraji akichelewesha kazi mpaka wenzake waanze kukosa hamu ya chakula, anachukuliwa na kufungiwa katika nyumba ya wageni mbali na mji, anapewa chai, wali na penseli, na hatoki mpaka amalize. Wengine wakitiwa kwenye kopo huchora. Numajiri alikuwa ananenepa.

Mimi ni Kuramochi Shizue. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa msimamizi wa ratiba katika studio yetu ya filamu za katuni pale Ogikubo, Tokyo. Kazi yenyewe, ukiivua lile jina la heshima, ilikuwa kuwafukuzia wachoraji michoro yao na kuomba radhi kwa niaba ya watu wasio na haya. Katika watu hao, Numajiri alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali sana nyuma yake.

Alikuwa mtoto wa kinyozi kutoka Sanjo, mkoa wa Niigata. Utotoni alishinda kwenye benchi la duka la baba yake akitazama wateja kwenye kioo. Alipenda kusema kwamba mtu anayenyolewa hana pa kujificha, kwa sababu mikono yake iko chini ya shuka na imebaki shingo tu. Alikuja Tokyo akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kuchora picha za katikati. Mkubwa anachora mkono uko chini, anachora tena mkono uko juu, kisha mdogo anajaza hapo kati picha tano, kumi, ishirini, ili mkono upande bila kuruka. Watu huifanya kazi hiyo mwaka mmoja na kuikimbia. Numajiri aliifanya miaka sita na akakataa kupandishwa cheo, eti chini na juu kila mtu anakujua, mambo yote yako katikati.

Mwishowe walimlazimisha kuongoza sehemu moja ya mfululizo wa lijitu la chuma lenye ukubwa wa jengo la ghorofa kumi, ambalo kila Jumapili lilipigana na madude kutoka baharini. Katika sehemu ya Numajiri, lile lijitu lilirudi kutoka vitani, likafika kwenye lango la kambi, likavua viatu vyake vya chuma, likachuchumaa, likavigeuza ncha zielekee nje kama anavyofundishwa kila mtoto wa kwetu, ndipo likaingia. Sekunde tisa. Kampuni ya vinyago iliyodhamini kipindi iliwaka moto, maana katika sekunde hizo lijitu lingeweza kurusha makombora mawili, na makombora ndiyo yaliyokuwa yanauzwa madukani. Numajiri akahamishiwa chumba cha rangi kuosha brashi. Miezi mitatu baadaye zilianza kuja barua za akina mama, gunia zima, wakishukuru kwamba watoto wao sasa wanapanga viatu mlangoni. Akarudishwa, na hakuna aliyemwomba radhi. Hata yeye hakugundua kwamba alipaswa kuombwa, kwa sababu kule kwenye brashi alikuwa anapima jinsi wanawake wa chumba cha rangi wanavyokung'uta maji mikononi.

Maana alikuwa na saa ya kupimia sekunde, ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Waongozaji wote wanazo, lakini wenzake wanazitumia kazini. Yeye alipima dunia nzima. Alimpima mkewe akimenya tunda la persimoni, mpaka mama wa watu akatoa amri kwamba saa ilale kwenye kabati la viatu, la sivyo mwenye saa atalala humo. Aliwahi kushikwa kwenye kituo cha treni cha Nakano kwa kumpima kwa saa bibi mmoja aliyekuwa anatafuta tiketi kwenye mkoba. Nilikwenda mimi kumchukua kwa askari. Niliinama kuomba radhi mpaka nikaona viatu vyangu vinahitaji kiwi. Yeye pembeni yangu alikuwa anamweleza askari, kwa furaha kabisa, kwamba yule bibi alitafuta kwanza mahali ambapo alijua tiketi haipo.

Na hakuchora jambo ambalo hakulifanya kwa mwili wake. Alipotaka kuchora mjamzito akipanda ngazi, alijifunga mfuko wa mchele kilo kumi tumboni akapanda na kushuka ngazi za studio siku nzima. Siku ya pili alikuwa hawezi kusimama, lakini michoro ilikuwa mizuri mno, na mwanamke mmoja wa idara ya rangi alipoiona alishika kiuno chake akakaa chini. Ndiyo sababu nilimvumilia. Sitasema zaidi ya hapo, nisije nikamsifu bure.

Sasa kopo la tatu. Ilikuwa Februari, miaka ile ambayo bado tulitumiana karatasi kwa faksi. Numajiri alikuwa na miaka sitini na moja, na kwa mara ya kwanza alipewa filamu yake mwenyewe, dakika tisini, ya sinema. Ilihusu mjane auzaye tofu, ile jibini ya soya, aitwaye Bi Masue, ambaye duka lake linakufa polepole, na mwanawe wa pekee yuko Osaka. Michoro ya mwanzo na ya katikati ya filamu ilikuwa tayari. Ulikosekana mwisho, yaani karatasi ishirini na nne za visanduku, zile ambamo mwongozaji huchora kila tukio na kuandika kando litakwenda sekunde ngapi. Bila hizo hakuna mchoraji anayeweza kushika penseli. Wachoraji thelathini walikuwa Ogikubo wakicheza karata.

Shida ilikuwa machozi. Wafadhili walitaka Bi Masue alie. Bwana Hachisuka, mtayarishaji wetu, mtu mwenye koti zuri na tumbo bovu, alitaka alie kwa sababu wafadhili wanataka. Numajiri alikuwa anasema mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka arobaini kusaga soya hana muda wa kulia. Walipomuuliza sasa atafanya nini, alijibu kwamba hajui, na kwamba hajamwona bado.

Basi Bwana Hachisuka akaniita, akaniambia nimpeleke Mwongozaji kwenye nyumba ya wageni ya maji moto milimani Gunma. Karatasi zote zimfikie Jumamosi saa sita mchana. Zisipofika, mwisho wa filamu atapewa mwongozaji mwingine, kijana aliyesifika kwa mvua. Nyote mnaijua mvua yake. Mtu akianza kukunja uso tu, mawingu yashatanda, na machozi na mvua vinashuka kwa zamu. Nilimwona Bi Masue akilini akiwa amelowa chapachapa mlangoni pa duka, na moyo ukaniuma kama ananihusu.

Tulifika Jumatatu. Jumanne Numajiri alioga mara nne akala mara tano. Jumatano asubuhi nilifungua chumba chake nikakuta penseli kumi na mbili zimechongwa, zimelala sambamba, na karatasi nyeupe pee. Mwenyewe hayupo. Nilimkuta jikoni, amechuchumaa nyuma ya pipa la figili za chumvi, anampima mwenye nyumba, Mama Wakui, akikata mboga. Mama Wakui alidhani yule ni mtu wa idara ya afya, kwa hiyo alikuwa amevaa kofia, barakoa na glavu mbili mbili, na alikata figili moja kwa dakika sita.

"Hakati hivi siku zote," Numajiri alininong'oneza kwa masikitiko. "Ameharibika."

Nilimrudisha chumbani kwa kumshika mkono wa joho, nikamwambia kwamba wachoraji thelathini wanamngoja na kwamba kijana wa mvua ameshanunua penseli mpya. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kwa nini ninapokasirika nakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Niliufunga mlango kwa nguvu kiasi cha kuangusha mchoro wa korongo uliotundikwa ukutani.

Simu ya nyumba ile ilikuwa moja, mezani pale mlangoni, kando ya rafu ya viatu, penye baridi ya kukata masikio. Kila siku saa kumi na moja jioni Bwana Hachisuka alipiga kuuliza tumefikia wapi. Jumanne nilimwambia Mwongozaji anatafakari. Jumatano nilimwambia amefika ukurasa wa sita. Alhamisi nilimwambia yuko wa kumi na tatu na mkono wake hausimami, tena niliongeza kwamba mwenye nyumba ameishiwa mafuta ya kumsugua bega. Niliudanganya ulimwengu macho makavu. Na huku nadanganya, nilikuwa nainama, maana sisi Wajapani humwinamia mtu kwa heshima hata kwenye simu, mgongo haujui kwamba hauonekani.

Nikimaliza na Bwana Hachisuka, nilikuwa nampigia mama yangu kule Akita. Alikuwa na miaka sabini na minane na aliishi peke yake na theluji. Nilikuwa namwambia kwamba nakula vizuri, natoka kazini mapema, na kwamba mwaka huu lazima nije. Sikuwa nimekanyaga nyumbani miaka minne. Yeye alikuwa ananiambia hajambo kabisa, goti limepona, majirani wanamsafishia theluji, nisihangaike. Tulikuwa tunaagana upesi ili simu isile pesa, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aweke kwanza.

Ijumaa jioni nilimdanganya Bwana Hachisuka kwamba zimebaki karatasi mbili. Nilimpigia mama, nikasema yale yale. Nilipoweka simu nikasikia *tiki* nyuma ya rafu ya viatu. Nilivuta slipa moja baada ya nyingine, nikamwona Numajiri amekaa sakafuni na joho lake, magoti kifuani, pua nyekundu kwa baridi, saa mkononi. Alikuwa amekaa hapo kila jioni tangu Jumanne.

Sina haja ya kuficha, nilimtukana. Nilimwambia mambo ambayo msimamizi wa ratiba hamwambii mwongozaji, na mengine ambayo mtu hamwambii mbwa wa jirani. Nilimwambia nimeuza ulimi wangu kwa ajili yake siku nne, kesho saa sita Bi Masue ananyeshewa, na yeye kakaa na viatu.

Aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Dada Kuramochi, wewe ukisema kweli unainama sekunde mbili. Ukidanganya, nne."

"Mwongozaji, hizi karatasi..."

"Kwa Hachisuka, nne. Sawa, huyo namwelewa, unamwogopa. Lakini kwa mama yako pia ni nne. Na kabla hujanyanyuka, unanyoosha ule waya wa simu kwa kidole, kama unachana nywele za mtu." Alisimama kwa shida, akishika rafu. "Kwa nini unamwinamia mama yako?"

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu ambayo sikuwahi kukutana nayo. Mtu mzima, miaka arobaini na sita, nimekamatwa nikimwomba mama yangu radhi bila kutamka radhi. Nilimwambia si kazi yake. Akakubali kwamba si kazi yake, akaniomba nisimame tena pale pale, nimpigie mtu yeyote, nimdanganye.

"Nani?" nikauliza.

"Wapigie studio, waambie nimemaliza."

Nilipiga. Aliinama pamoja nami, ubavuni, akishikilia slipa sikioni badala ya simu. Mama Wakui alitoka jikoni akatuona tumeinama wawili ukutani, akarudi taratibu alikotoka.

Jumamosi alfajiri nilimkuta mezani, mgongo umepinda, karatasi zinaanguka pembeni yake, na mimi nikaziokota. Bi Masue amefunga duka lake kwa mara ya mwisho na vifaa vyote vimeshauzwa. Simu inalia, ni mwanawe. Anamwambia biashara imechangamka, leo tofu imekwisha kabla ya saa tatu, asihangaike kuja. Anazungumza kwa sauti ya furaha katikati ya chumba kitupu, na anapoaga anauinamia ukuta. Moja, mbili, tatu, nne. Kidole chake kinanyoosha waya. Hapo filamu inakwisha, bila mvua.

Nilitaka kucheka, kwa sababu mwanamke anayeuinamia ukuta ni kichekesho, na alivyomchora amebetua makalio kama mimi. Lakini niliziweka karatasi chini, nikaenda kunawa uso kwa maji baridi.

Faksi ya Mama Wakui ilikuwa inameza ukurasa mmoja kwa dakika moja na nusu, na kila ukurasa ulipoingia sote watatu tulikuwa tunauinamia. Wa ishirini na nne uliingia saa tano na dakika arobaini. Saa sita kasoro tano simu ililia. Bwana Hachisuka hakusalimia. Aliuliza machozi yako wapi. Akasema wafadhili watatukataa, niende sasa hivi nikamwambie Mwongozaji aongeze ukurasa mmoja tu, tone moja tu, shavu la kushoto. Nisipoweza, mwisho anapewa yule kijana, na mimi nitafute studio nyingine ya kusimamia.

Numajiri alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimejibu "ndiyo, bwana" kwenye simu, kisha nikaenda kufanya nilichoona kinafaa. Ilikuwa rahisi kusema "ndiyo, bwana" mara moja zaidi. Lakini mgongo wangu sasa ulikuwa na shahidi.

"Bwana Hachisuka," nikasema, "hakuna machozi, na mimi sitamwambia aongeze. Hizo nilizokwambia wiki nzima zilikuwa uongo, hakuwa amechora hata moja mpaka jana. Hii ya leo ni kweli. Kama unataka tone, njoo Gunma ulichore mwenyewe."

Nikainama, nikaweka simu.

"Mbili," Numajiri akasema nyuma yangu.

Unga wangu haukumwagika, ijapokuwa ulitikisika. Kwa siku tatu Bwana Hachisuka hakupiga simu. Nilikuja kuambiwa na katibu wake kwamba alizipeleka karatasi kwa wafadhili kama zilivyo. Yule mkubwa wao, mzee mkavu ambaye hajawahi kuonekana akicheka, alisoma mpaka mwisho, akaomba simu, akampigia dada yake kule Kagoshima. Wakati wa kuaga aliuinamia ukuta mbele ya watu wote. Hakuna aliyezungumzia machozi tena.

Filamu ilitoka Agosti. Haikuvunja rekodi yoyote. Kwenye sinema watu walicheka Bi Masue alipoanza kuinama. Ilipofika sekunde ya tatu kicheko kilikatika, na wakabaki wamekaa hata taa zilipowaka. Numajiri alikuwa safu ya mwisho na saa yake, anawapima. Alikuwa ameshaanza kuzungumzia filamu nyingine, ya mpiga pasi, na nilidhani kopo la nne halipo mbali.

Sikumwambia mama kwamba ile filamu ina mgongo wangu. Alikwenda kuiona mwenyewe huko Akita, na majirani wawili, kwa sababu jina langu linapita mwishoni kwa herufi ndogo na alitaka kulionyesha. Jioni hiyo alipiga yeye, jambo ambalo hafanyi. Alisifu viti. Alisifu ubaridi wa ndani. Kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Yule mwanamke wa tofu," akasema. "Nilidhani nafanya hivyo peke yangu."

"Kufanya nini, mama?"

"Kuinama. Kila nikikwambia goti limepona."

Nilikuwa nimeshika waya kwa kidole. Niliuachia. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, na yote yalikuwa yale yale ya siku zote, kwamba kazi ni nyingi, kwamba mwaka huu lazima. Nikamwambia mimi pia. Nikamwambia sili vizuri, sitoki mapema, na Jumamosi napanda treni ya asubuhi kwenda Akita.

Aliniuliza kama nimeinama.

"Nimeinama, mama."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde mbili," nikamwambia, na sikuhitaji saa.